Jino la Kulia

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hujakosa raha yoyote. Kitabu changu cha kwanza cha mazoezi kilikufa siku kliniki ya kwanza ilipofungwa, daktari wa pale akahama bila kunisainia hata mstari mmoja. Cha pili dada yangu alikifua. Ndiyo, alikifua! Kilikuwa kwenye mfuko wa sare, akaitumbukiza sare kwenye beseni bila kupekua, kikatoka uji mtupu. Cha tatu ndicho hiki cha sasa, na niliwaacha pale Daktari aliponiambia, "Kila jino nakusainia, ukifikisha kumi umemaliza."

Na wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu kwenye balaa. Mimi nasomea usaidizi wa daktari wa meno. Nina miaka thelathini na mbili. Kozi ni ya miaka miwili na mimi nimo mwaka wa nne, usiniulize kwa nini, soma hapo juu.

Chuo hakitaki maneno matamu. Kinataka kitabu chenye mistari kumi ya kung'oa meno. Kila mstari maana yake nimempokea mgonjwa mwenyewe, nimejaza kadi yake, nimepanga vifaa kwenye sinia, nimeshika mrija wa kufyonza mate mpaka jino limetoka. Daktari anatia saini. Bila kitabu hakuna mtihani, na bila mtihani mimi ni mfagiaji anayevaa glavu.

Siku ya mwisho kupeleka kitabu ilikuwa Ijumaa, saa kumi kamili jioni. Karani wa chuo tumempa jina la Saa Kumi, kwa sababu muda ukifika anashusha dirisha la mbao hata kama mkono wako uko ndani.

Alhamisi jioni nilikuwa na mistari tisa.

Sasa leo nakuja kuungama. Nimefikiri sana nikaona bora niungame gazetini, maana gazeti halinitazami usoni.

Ijumaa asubuhi mama alinikuta napiga sare pasi.

"Leo ndiyo leo?" akauliza.

"Leo ndiyo leo, mama."

"Hata mwaka juzi ilikuwa leo ndiyo leo."

"Mama, nimebakiza jino moja."

"Miaka minne unachota mate ya watu, na bado unabakiza." Akavuta kiti akakaa. "Wenzako wa rika lako wana kazi za kueleweka. Nikiulizwa binti yako anafanya nini, nasema yuko hospitali. Wakiuliza hospitali gani, nageuza mazungumzo."

Nilitaka kumjibu. Pasi ikaniunguza kidole. Nikaondoka bila chai.

Kazini nilimkuta Kengele kashafungua. Kengele ndiye dada wa mapokezi, na jina hilo kalipata kwa sauti yake, maana akimwita mgonjwa hata wa jengo la pili anasimama.

"Kengele, leo kuna wangapi wa kung'oa?"

Akapitisha kidole kwenye daftari la miadi. "Wa kusafisha. Wa kusafisha. Wa kuziba. Wa kusafisha. Wa kuja kuuliza tu."

"Wa kung'oa?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Dada, nikung'oe mimi?"

Nilikwenda kule nyuma tunakochemshia vifaa, nikasimama mbele ya mashine, nikamwomba Mungu ampe mtu maumivu ya jino. Naungama. Niliomba kabisa, na nikataja kwamba liwe gego, la chini, lisilozibika.

Saa nne na nusu maombi yakajibiwa. Akaingia fundi magari, mtu mpana, mikono myeusi kwa grisi, shavu limeumuka. Nilimpokea kama mkwe. Nikajaza kadi, nikapanga sinia, nikamfunga kitambaa kifuani, nikawasha taa. Daktari akanyanyua sindano ya ganzi.

"Hiyo ni ya nani?" fundi akauliza.

"Ya kwako, ndugu yangu," Daktari akasema.

"Yote?"

Wasomaji wangu, yule mtu aliinuka na kiti kikainuka naye. Alipita mapokezi na kitambaa chetu bado kinapepea kifuani. Kengele akamwita kwa ile sauti yake, na ndiyo kwanza akaongeza mwendo.

Daktari aliirudisha sindano kwenye sinia. "Huo mstari siwezi kuusaini," akaniambia.

"Lakini nimempokea, Daktari. Nimejaza kadi."

"Jino liko wapi?"

Jino lilikuwa linavuka barabara.

Huyu Daktari ni mtu mzima, mpole, lakini ana jambo moja ambalo hana mchezo nalo. Kwenye kadi zake ameongeza kisanduku ambacho hukioni kwenye kadi za kliniki nyingine. Kimeandikwa: *Mgonjwa amegusa jino linalouma kwa kidole chake mwenyewe.* Msaidizi anatia tiki au anaacha.

Siku yangu ya kwanza aliniita akanionyesha. "Mgonjwa akikuambia juu, usimwamini. Akikuambia chini, usimwamini. Maumivu yanahama. Mwambie aguse. Akigusa, tia tiki. Hajagusa, usimpeleke kwenye kiti."

Nilimjibu nimeelewa. Na kweli nilielewa. Wagonjwa wa mistari tisa yote niliwagusisha, mmoja mmoja, hata mtoto wa miaka sita alinigusia.

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Niliziba, nilisafisha, nilifyonza mate ya kila rangi. Kila mlango ulipolia nilichungulia. Aliingia mtu wa umeme kuiangalia mashine ya picha za meno, iliyokuwa imekufa tangu Jumatatu. Akaipiga kofi, akasema kipuri hakipo, akaenda zake.

Saa tisa kasoro dakika ishirini akaingia yeye.

Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, kajifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, mashavu yote mawili yamefunikwa, kafanana na zawadi iliyofungwa vibaya. Mkononi ana mfuko wa plastiki wenye mkasi na vibobini vya uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi ni msaidizi."

"Msaidizi ndiyo daktari anayeanza," akasema, na akanishika mkono. Nilimpenda hapohapo. Hilo pia naliungama, maana linazidisha kosa.

Nikamkalisha kwenye benchi, nikachukua kadi. Kazi yake? Fundi cherehani. Ana kisukari? Hana. Presha? Kidogo, anapogombana na wanawe.

"Kuna dawa unasahau kumeza?"

Akacheka kwa shida. "Usiliseme hilo neno kusahau. Wanangu wamelishikia bango. Nimesahau sufuria jikoni mara mbili, basi nimekuwa mtu wa kusahau. Sasa wanataka kuichukua cherehani yangu, eti nitajishona vidole. Miaka arobaini na moja nashona, mwanangu! Nimewavisha hao hao."

"Pole, mama. Jino lipi linauma?"

"Meno yangu mimi nayajua kwa kazi zake. Hili la mbele la kukatia uzi ni zima, msiliguse. Linaloua ni la kulia. La chini, kule nyuma kabisa. Usiku kucha sikufumba jicho, kichwa chote kinagonga, hata sikio."

Nikaandika: *chini, nyuma, kulia.*

Kisha kalamu ikafika kwenye kisanduku.

Nikamwangalia. Kile kitambaa kilikuwa na fundo utosini lililokazwa kwa meno ya mtu mwingine, nadhani. Kulifungua ni dakika tatu. Kumwambia atoe kidole, apapase, agune, akumbuke, dakika mbili nyingine. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tisa. Ganzi inahitaji muda wake, kung'oa kuna wakati wake, kutoka pale hadi chuoni ni dakika kumi na tano kwa miguu nikikimbia.

Na kashasema la kulia. Si kasema mwenyewe?

Nikatia tiki.

Basi, hilo ndilo. Sikuua mtu. Nilichora mstari mdogo wenye kona kwenye kisanduku kidogo, na mpaka leo mkono huu nikiutazama sioni tofauti yoyote.

Kitambaa alijifungulia mwenyewe akiwa kwenye kiti, Daktari akinawa. Daktari akachukua kadi, akasoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Umemgusisha?"

"Ndiyo, Daktari."

Wala sikumeza mate.

Akachungulia kinywani. Chini nyuma mama alikuwa amebakiwa na magego mawili tu, moja kila upande. Yote mawili ni ya zamani, yote yana weusi juu, ukiyaangalia kwa taa huwezi kusema lipi lina nafuu. Picha hatuna. Daktari akachoma sindano upande wa kulia.

Mama akashtuka. Akanyanyua mkono. "Aaa," akasema. "Aaa-aa."

"Tulia, mama," nikamwambia. "Itapita."

Tukasubiri ganzi ikolee. Naye akawa anajipapasa shavu, anatutazama. Akafungua mdomo kutaka kusema, ulimi ushaanza kuwa mzito, na mimi nikaona mate yanamjaa. Nikautia mrija. Kazi yangu si ndiyo hiyo?

Daktari akashika koleo.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Mara ya kwanza. Macho yananitazama mimi, si Daktari. "Nnn," akasema. "Nnn-nn."

"Anaumia?" Daktari akasimamisha mkono.

"Anaogopa tu, Daktari."

Akanishika mara ya pili, kwa nguvu za mtu aliyesukuma mkasi miaka arobaini na moja. Mimi nikasukuma mrija ndani kidogo, ukavuma, ukameza kile alichokuwa anasema. Mara ya tatu alinishika, halafu akaniachia. Akafumba macho.

Jino likatoka. Lilitoka kwa taabu, likigoma, na hapo tu Daktari alikunja uso. Jino bovu haligomi vile. Aliligeuza chini ya taa, akaligonga kwa kifaa, akakwaruza ule weusi. Ulikuwa rangi ya chai. Uliondoka. Mizizi myeupe, mizima, mirefu.

"Hili halina kitu," akasema taratibu.

Mimi nilishika mrija hewani ukivuma peke yake.

Akamwekea mama pamba, akamwinua. "Mama, bado unasikia maumivu?"

Mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akapeleka kidole kwenye shavu. La kushoto.

"Mbona kadi inasema kulia?"

"Nilisema la kulia," mama akasema, pamba mdomoni, maneno yanatoka yamevimba.

"Naam. Na hili ndilo la kulia."

"La kulia, daktari. La kulia! La kulia chakula! Huku kushoto ndiko ninakolia siku zote, na likishatoka ningehamia huku."

"Mkono wa kulia si ndio wa kulia chakula?" mama akaendelea. "Basi na jino vilevile. La kukatia uzi, na la kulia. Nimemweleza binti."

Daktari akataka kucheka, nikamwona mdomo unamcheza, akaukaza. Nikaomba udhuru wa kumwaga takataka, nikaingia chooni, nikabana mlango. Kuna kulia upande, kuna kulia chakula, na ile ya tatu nikaifanya mle ndani, na taulo mdomoni Kengele asisikie.

Niliponawa uso nilikuwa nimeamua. Nilisema naenda kusema. Kosa la neno ni kosa la neno, mtu yeyote angelisikia vile nilivyolisikia, lakini tiki ni yangu mimi na lazima niitoe mwenyewe. Nikafungua mlango wa chumba, nikasema, "Daktari—"

"Njoo," akasema. "Njoo hapa, ndiyo nilikuwa nakutaka."

Alikuwa ameishika kadi, kidole chake kiko juu ya kisanduku. Na wasomaji wangu, alikuwa anatabasamu kwa huzuni, vile anavyotabasamu mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mama," akamwambia taratibu, kwa heshima zote, "kwenye neno tuliachana njia, nakubali. Lakini ndiyo maana mimi sisikilizi neno. Msaidizi wangu alikwambia uguse, ukagusa. Uligusa huku. Hii hapa, imeandikwa."

"Niligusa?" mama akauliza.

"Uligusa, mama. Maumivu yanahama, si kosa lako. Hutokea hata kwa vijana."

Mama akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikaitazama sakafu, ambayo niliipiga deki mwenyewe asubuhi.

"Sikumbuki," akasema.

"Hutokea," Daktari akarudia.

"Basi niligusa." Mabega yake yakashuka. "Kama imeandikwa, basi niligusa. Wanangu walisema. Mimi nikawatukana, na kumbe walisema kweli." Akakunja kile kitambaa chake mara nne, vizuri, kifundi. "Nisamehe, daktari. Nimekusumbua na shughuli zako."

Alimwomba msamaha! Katolewa jino zima, kabakiwa na bovu, na anaomba msamaha yeye!

"Lile lingine nalo itabidi litoke, mama. Lakini si leo. Kapumzike hapo nje, dawa ya maumivu uipate kwa dada wa mapokezi, Jumatatu uje."

Mama akatoka polepole, mkono ukutani. Mimi nilisimama pale na neno kooni. Mnaniuliza kwa nini sikulisema? Hata mimi najiuliza. Nilikuwa nalisema. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini Daktari akageuka, akanyoosha mkono, akasema, "Lete kitabu."

"Kitabu?"

"Huendi chuoni leo? Lete hicho kitabu."

Nikakitoa kwenye mfuko. Kitabu nimekivalisha plastiki mbili, tangu yale ya dada yangu na beseni. Daktari akakiweka kwenye sinia, pembeni ya lile jino, akaandika mstari wa kumi. Akasaini. Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya kwenye mistari tisa, akaandika maoni.

*Mwangalifu. Hukamilisha kadi bila kuruka kitu.*

"Ile tiki yako imeniokoa," akaniambia. "Bila ile ningekuwa nimeng'oa jino zima la mtu kwa uzembe wangu, na mimi miaka yangu iliyobaki kazini ni michache, nisingependa kuimaliza hivyo. Nenda. Kimbia, utachelewa."

Nilikuwa na sekunde moja pale ya kusema. Ilikuwepo, niliiona ikipita.

Nikakimbia.

Pale mapokezi nilipita kichwa chini. Mama alikuwa kwenye benchi, mfuko wa mkasi mapajani. Nilisikia anasema "Mwanangu," nikajifanya sikusikia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

Njiani nilijitetea kwa sauti, watu wakanipisha. Nilisema, lile jino lingekuja kuoza tu siku moja. Nilisema, Daktari mwenyewe alichungulia, yeye ndiye mwenye koleo. Nilisema, miaka minne, kliniki mbili, vitabu vitatu, na kwa nini kila mara ni mimi? Kwa nini siku niliyoruka jambo moja, moja tu, iwe ndiyo hiyo? Kuna watu wanaruka kila siku na hawang'oi kitu. Hasira zilinipandisha ngazi za chuo bila kupumua.

Dirisha lilikuwa wazi. Saa Kumi alikuwa ndani anapanga mihuri yake kwenye kisanduku, tayari kufunga.

"Kasoro dakika tano," akasema bila kuinua macho. "Mnapenda sana dakika tano nyie."

Nikampa kitabu. Akakitoa kwenye plastiki ya kwanza, akakitoa kwenye ya pili, akaguna. Akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Alipofika wa kumi akasoma maoni, akayasoma tena kwa sauti.

"'Mwangalifu.' Huyu daktari wenu hasifu ovyo. Hongera, dada."

Mtu wa kwanza kunipa hongera katika miaka minne, na nilitaka kumtapikia mihuri.

"Bado hapa chini," akasema, akanigeuzia kitabu. Mwisho wa ukurasa palikuwa na mstari ambao nimeuona mara mia bila kuusoma: *Nathibitisha kwamba yote yaliyojazwa humu na kwenye kadi za wagonjwa wangu ni kweli.* Chini yake, nafasi ya saini ya mwanafunzi. "Saini, nigonge muhuri, tuagane."

Akanipa kalamu. Simu ikalia. Kengele.

"Nipokee?" nikamuuliza karani. Sijui kwa nini nilimuuliza yeye.

"Simu yako, dakika zako."

Nikapokea.

"Dada, yule bibi fundi cherehani hajaondoka," Kengele akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananong'ona. "Nimempa dawa, nimemwitia usafiri, hataki. Anasema anakungoja wewe. Ngoja, huyu hapa, kaninyang'anya."

Nikasikia simu inagongana na kitu, halafu pumzi, halafu ile sauti iliyovimba pamba.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Sikupigii kugombana. Jino limeshakwenda. Nataka uniambie kitu kimoja, maana tulikuwa wawili tu pale kwenye benchi." Akapumzika. "Wanangu wanakuja Jumapili kuchukua cherehani. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka kidole changu kikigusa, na sikioni. Nakumbuka kalamu yako. Nakumbuka ulitazama saa. Kidole sikioni."

Karani akaupaka muhuri wino.

"Kama niligusa, basi nimekwisha, nawapa cherehani yao, sitabishana. Kama sikugusa, wakija wataikuta nimeifungia kwa kufuli, na mimi nimeikalia. Mwanangu, uniambie tu ukweli. Niligusa?"

"Dada," Saa Kumi akasema, mkono wake umeshika ubao wa dirisha. "Unasaini, husaini?"

Simu ilikuwa mkono wa kushoto, kalamu ilikuwa mkono wa kulia. Kule ukutani, nyuma ya kichwa chake, mshale mrefu ulikuwa unagusa kumi na mbili.